MREJESHO: Mzee wangu na gauti, kumbe si nyama peke yake

Wadau za siku, mtanikumbuka niliuliza kuhusu mzee wangu hapa Tanga, dole gumba la mguu lilikuwa linavimba usiku mpaka shuka likigusa tu anapiga kelele, nikauliza aache nyama kabisa au vipi. Wengi mkasema ahamie dagaa. Jamani, dagaa ndo tulikuwa tunamuumiza nao! Daktari baada ya kumpima yuriki asidi (asidi ya kwenye damu, ikizidi ndo inaleta gauti, huu ugonjwa wa viungo kuvimba) akauliza anakula nini, nikataja supu ya maini na figo asubuhi, dagaa jioni, akacheka. Kumbe kuna kitu purini, mwili ukikivunja ndo unapata hiyo asidi, na imejaa kwenye maini, figo na dagaa kuliko hata nyama ya steki.

Nyama hakumkataza, ila vipande vidogo na si kila siku. Maharage na mbaazi tulizokuwa tunaziogopa karuhusu, zina purini yake lakini hazileti gauti kama nyama. Maziwa na mtindi ndo kabisa, vinasaidia kushusha, na Tanga hii maziwa si shida. Na dawa anakunywa kila siku, msije mkadhani ni msosi tu.

Miezi 4 sasa kavimba mara 1, baada ya harusi Pangani, pilau la mbuzi alilifanyia kazi mwenyewe anajua. Anayelalamika sasa ni bi mkubwa, mbaazi za nazi zimemchosha, anasema mgonjwa mmoja wanaofunga wawili.