Wajerumani waliua zaidi, mbona Wapoland wanawaogopa zaidi Warusi?

Wadau, naomba tulijadili hili bila matusi.

Jumapili nilipita tena kwenye makaburi ya Wapoland pale Tengeru, Arusha. Sisi tuliokulia upande huu tuliambiwa tu ni wakimbizi wa vita, basi. Kambi ilikuwa na watu karibu 5,000, wengi wanawake na watoto, na kwa miaka mingi nilidhani walimkimbia Hitler. Sivyo. Walitoka mashariki mwa Poland, na waliowatoa majumbani mwao mwaka 1940 na 1941 wakawapakia kwenye mabehewa hadi Siberia na Kazakhstan ni Wasovieti. Waliachiwa baada ya Hitler kumgeuka Stalin, wakapitia Uajemi, ndipo wakaletwa kwetu. Vita ilipokwisha wengi hawakurudi kwao, maana vijiji vyao vilishaingizwa ndani ya Umoja wa Kisovieti.

Hoja yangu inaanzia hapo. Poland ilivamiwa mara mbili ndani ya mwezi mmoja: Wajerumani tarehe 1 Septemba 1939, Wasovieti tarehe 17. Kwa wingi wa vifo hakuna ubishi. Raia wa Poland karibu milioni 6 walikufa, nusu yao Wayahudi, na walio wengi mno waliuawa na Wajerumani. Katika uasi wa Warsaw wa 1944, siku 63 tu, walikufa raia kati ya 150,000 na 200,000, kisha jiji likabomolewa nyumba kwa nyumba. Kwa hesabu hiyo Mjerumani ndiye angechukiwa zaidi hadi leo.

Nasema kilicholeta tofauti ni kukiri. Mwaka 1940 polisi wa siri wa Stalin waliwapiga risasi maofisa wa jeshi, polisi na wasomi wa Poland wapatao 22,000, wengine katika msitu wa Katyn. Moscow ikawasingizia Wajerumani, na ikaushikilia uongo huo hadi Aprili 1990. Mjane alijua nani kamuua mumewe, lakini hakuweza kulitamka hadharani kwa miaka yote hiyo, kwa sababu serikali ya nchi yake ilikuwa imewekwa na hao hao. Kidonda cha namna hiyo kitaponaje? Kwa Wajerumani mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1965 maaskofu wa Poland waliwaandikia wenzao wa Ujerumani: "Tunasamehe na tunaomba msamaha." Walishambuliwa vibaya nyumbani kwa barua ile. Miaka mitano baadaye Kansela Willy Brandt akapiga magoti mbele ya mnara wa ghetto la Warsaw, mtaa ambamo Wajerumani waliwafungia Wayahudi.

Karibuni.

MCHANGIAJI: Mkuu, umewaonea Warusi. Askari wa Jeshi Jekundu wapatao 600,000 walikufa kwenye ardhi ya Poland wakiwafukuza Wanazi. Bila wao leo tungezungumzia Poland gani? Na hofu ya sasa imeletwa na vita ya Ukraine ya 2022, si mambo ya 1939. Halafu unaongea kama Mjerumani kamaliza deni. Mwaka huo huo wa 2022 serikali ya Poland ilimdai fidia ya zaidi ya zloti trilioni 6.

MLETA MADA: Kuhusu askari wale nakubaliana nawe, mkuu. Wengi walikuwa vijana wadogo, na makaburi yao yastahili heshima. Ila aliyekufukuzia jambazi akahamia yeye ndani ya nyumba hadi 1989, utamwitaje? Na Ukraine haikuanzisha hofu hiyo. Poland iliingia NATO mwaka 1999, na iliomba kuingia kwa sababu ya Moscow.

Kwenye fidia umenibana. Lakini tazama jibu la Berlin: kwamba Poland yenyewe iliacha madai hayo mwaka 1953. Na Warsaw inajibu kwamba mwaka 1953 haikuwa na sauti, ilitii amri ya Moscow. Hata deni la Mjerumani linapitia mlango wa Mrusi.

Nina ombi moja. Mwenye mzee aliyefanya kazi kambini Tengeru, au Masindi na Koja kule Uganda, atuandikie hapa. Waliwasikia wakisema nini kuhusu Wajerumani, na nini kuhusu Warusi?