Nipo porini siku sita, uniti zinaisha nyumbani. Nianzie wapi kwa laki moja?

DerevaWaSakina
Wakuu habari za jioni. Mimi ni dereva wa watalii, napanga Sakina hapa Arusha: vyumba viwili, sebule, jiko, choo ndani. LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni yangu peke yangu. Hilo nililihakikisha kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, maana nilikotoka, Kwa Mrombo, tulikuwa wapangaji wanne mita moja na kila Jumapili kikao cha ugomvi.

Shida yangu ni hii. Hadi Aprili nilikuwa nanunua umeme wa kama elfu thelathini kwa mwezi. Tangu Mei imepanda hadi hamsini na tano, na mwezi uliopita imegusa sitini. Nikajisemea ni baridi, shawa ya umeme inafanya kazi yake. Lakini wiki iliyopita nilikuwa Serengeti na wageni siku sita. Niliacha uniti 31, nimerudi nakuta 11. Sasa hiyo shawa alioga nani?

Nimewaza ninunue vile vidude vya kisasa, soketi janja na balbu za kuamuru kwa simu, niwe nakaa zangu Seronera, kule kule Serengeti, nabonyeza tu friji inazima. Bajeti laki moja. Sitaki kutoboa ukuta wala kugusa waya za mwenye nyumba, na siku nikihama niondoke na vitu vyangu.

Nilivyo navyo: friji ndogo ya mtumba, tv ya inchi 32, shawa, pasi, taa saba (nne za LED, tatu zile balbu za zamani za njano, wati 60). Kupika natumia gesi. Nianze na kipi?

FundiBreka
Mkuu, hiyo laki irudishe mfukoni kwanza. Usinunue dawa kabla ya kupima.

Tujue bei. Uniti moja kwa daraja lako la T1, yaani la matumizi ya kawaida, ni shilingi 292. Weka VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) 3 na ya EWURA (wadhibiti wa nishati) 1, inafika 356 na senti. Ndiyo maana elfu kumi inakupa uniti 28. Ile siku ya mwezi unapoweka elfu kumi zinakuja 23 na kitu, imekatwa kodi ya jengo 1,500. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, si yako. Mkumbushe kwa adabu siku ya kulipa kodi ya pango.

Shawa: soma wati ubavuni mwake. Nyingi ni 5,500. Ukioga dakika kumi umekula karibu uniti moja, shilingi 320 hivi. Ndoo ya lita kumi ukiitoa nyuzi 18 ukaifikisha 40 ni robo ya uniti, kama shilingi 90. Sikwambii uhamie kwenye ndoo, Julai ya Arusha naijua, asubuhi hata sala inafupishwa. Ila ukijipaka sabuni funga maji, na swichi yake isikae kwenye moto wa juu kabisa mwaka mzima. Na tafadhali, shawa usiipitishe kwenye soketi janja. Inavuta ampea 24, soketi hizo mwisho wake 13 au 16. Itayeyuka na wewe uko uchi na umelowa.

Friji: weka noti ya elfu moja kwenye mlango, funga, vuta. Ikitoka kirahisi, mpira umechoka, baridi inavuja. Isogeze mbali na ukuta kidogo, nyuma ipumue. Ukienda porini siku sita itoe vitu, chomoa, acha mlango wazi. Hapo hakuna simu inayohitajika, ni mkono tu.

Balbu tatu za wati 60 badilisha. LED ya wati 9 inatoa mwanga ule ule, na ukihama unazungusha unaondoka nazo, unarudisha zile za mwenye nyumba.

Lakini sikiliza: vyote hivyo havielezi uniti 20 za siku sita. Friji ndogo hata ikiwa kikongwe ni uniti moja, tuseme moja na nusu kwa siku. Fanya hivi usiku. Nenda kwenye mita, tafuta palipoandikwa imp/kWh. Nyingi ni 1000. Maana yake kile kitaa chekundu kikipepesa mara elfu moja, uniti imeondoka. Ukihesabu kwa dakika moja, kila mpepeso ni wati 60. Chomoa kila kitu ndani, friji pia, zima taa zote, halafu kahesabu. Kisipotulia, zima breka, zile swichi za kwenye boksi la umeme, moja moja hadi kitulie. Uje utuambie.

BibiVitenge
Kaka dereva, mimi hizo soketi janja ninazo mbili, Njiro hapa, nikueleze kilichonipata. Nilizinunua kwa mbwembwe, nikaziunganisha na intaneti ya simu yangu. Zikakubali, nikawa nawasha taa ya sebuleni nikiwa kitandani, watoto wanashangilia. Kesho yake niko sokoni Kilombero najaribu kuzima pasi niliyohisi nimeiacha: haijibu. Ndipo nikaelewa. Intaneti yenyewe nilikuwa nayo kwenye pochi! Soketi imebaki nyumbani haina wa kuongea naye.

Kwa hiyo ukitaka kuzima friji ukiwa Seronera, nyumbani lazima kuwe na ruta yenye bando lake, inawaka saa 24. Ruta ya wati 10 inakula kama uniti saba kwa mwezi, bando hujahesabu. Na huko porini mtandao wenyewe mnaupata mkipanda kilima.

Kilichonisaidia kweli ni taa ya senza nje ya mlango, inawaka mtu akipita tu. Na soketi moja yenye kipimo, inakuonyesha kila chombo kimekula kiasi gani. Hiyo ndiyo naiazima hadi kwa majirani.

(Pasi nilikuwa nimeizima. Nilipanda boda bure.)

MtuWaPasua
Nyie mnalia baridi, sisi huku Moshi Februari tunalala na madirisha wazi. Nyumba yangu haina dari, bati linaongea na kichwa. Niliweka pazia zito rangi nyeupe upande wa jua la jioni, nafungua madirisha saa moja usiku hewa ya mlimani iingie, na feni ya wati 50. Usiku mzima haifiki nusu uniti. Nilitaka tu kusema hivyo. Dereva, na mimi nasubiri jibu la mita.

DerevaWaSakina
Wakuu, nimerudi. Kaeni vizuri.

Jana saa tatu usiku nimechomoa kila kitu, hadi chaja. Nyumba giza, kimya. Nikaenda nje kwenye mita na saa ya simu. Kitaa kinapepesa. Nikahesabu: tatu kwa dakika. Nikarudia mara tano: tatu, tatu, tatu. Wati 180 na ndani hamna hata kimoja cha kuvuta umeme!

Nikaanza breka. Ya kwanza, soketi: kinapepesa. Ya shawa: kinapepesa. Ya tatu haina jina, nikaibonyeza chini. Kitaa kikatulia. Sijamaliza kushusha pumzi nasikia kule nyuma ya ukuta vifaranga wanalia kwa pamoja kama wameona mwewe, na mama mwenye nyumba ananiita, "Baba Eliya! Kwenu umeme upo?"

Nimezunguka na tochi. Kwenye taa ya nje ya ukuta wa nyuma umeungwa waya mweusi, umepita juu ya uzio, unaingia bandani. Balbu tatu za wati 60. Zinawashwa saa kumi na mbili jioni hadi saa moja asubuhi. Kila kundi likikua anaingiza lingine, tangu Mei.

FundiBreka
Hahaha. Nilihisi ni pampu ya maji, kuku sikuwafikiria.

Piga hesabu: wati 180 kwa saa 13 ni uniti 2.3 kwa siku, 70 kwa mwezi. Shilingi elfu 25. Ndiyo tofauti yako ya Aprili na Mei hiyo. Na kwa matumizi yako mwenyewe, pasi na shawa ukizibana kidogo, pengine ungeomba uhamishiwe D1, ile ya uniti 75 za kwanza kwa shilingi 100 kabla ya tozo. Ila ukivuka 75 kila uniti ya ziada ni 350, kwa hiyo kuku wakiwa kwako usithubutu.

Usikate waya. Hujui nani ataguswa, na ni mali yake. Ongea naye.

BibiVitenge
Na uende asubuhi, si usiku. Shikamoo kwanza, kuku baadaye.

DerevaWaSakina
Nilifuata ushauri wa dada. Nimeamka mapema, taa za bandani bado zinawaka, nikamsalimia, nikamuuliza hali ya vifaranga. Kasema wanakua, ni wa kipaimara cha mjukuu. Nilipomweleza akashangaa kweli, naamini hakudhamiria: "Mwanangu, si taa tatu tu?" Nikamwomba tusogee kwenye mita. Tumesimama pale wawili tunahesabu kwa sauti kama watoto wa chekechea. Alipofika kumi na kitu akasema basi.

Jumamosi fundi wake kaja kauhamishia waya kwenye LUKU yake. Nimepima tena, vyangu vyote vikiwa vimechomolewa: dakika mbili, hakuna mpepeso.

Katika laki nimetumia kwenye LED tatu na mpira wa friji (noti ilitoka kama imepakwa mafuta). Taa ya senza nitainunua nikirudi kutoka Karatu. Fidia ya miezi iliyopita mama kaahidi kuku wawili baada ya kipaimara. Sasa swali jipya, BibiVitenge: friji nimeshazoea kuichomoa nikisafiri. Kuku wawili nawaweka wapi?