Mjadala: Je, vigoda na zana za kale ziendelee kuuzwa kwa wakusanyaji?

Mada iliyo mbele yetu ni iwapo biashara ya vigoda, tezo, vibuyu na milango ya nakshi inayouzwa hapa Nairobi kwa wakusanyaji, wengi wao wageni, ipigwe marufuku. Mchangiaji wa kwanza amesema kila kitu cha kale ni mali ya taifa na kisiuzwe kamwe. Wa pili amemjibu kwamba kigoda cha babu yake ni mali ya ukoo wake, na akikiuza ili alipe karo hana wa kumuuliza. Sikubaliani na yeyote kati yao, ingawa hoja ya wa pili ina uzito zaidi.

Sheria imetajwa sana hapa bila kusomwa. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inavihesabu kuwa vya kale vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na inalinda pia milango na fremu zilizonakshiwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946. Anayefanya biashara ya vitu hivyo anatakiwa awe na leseni, na anayevitoa nchini anahitaji kibali. Kwa hiyo udhibiti tayari upo, ila unaacha mengi nje: tezo iliyofuliwa na mhunzi wa Ukambani mwaka 1930 haimo katika ulinzi huo mpaka Waziri atangaze kwamba vitu vya aina hiyo vinalindwa.

Katika suala la vigango, yaani nguzo za mbao zilizochongwa kwa ukumbusho wa marehemu, namuunga mkono mchangiaji wa kwanza bila masharti. Kigango husimamishwa na Wagiriama na jamaa zao Wamijikenda kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi, na huachwa pale pale hata kioze. Vingi viliibwa, vikapita mikononi mwa wafanyabiashara, vikaishia katika makumbusho na nyumba za watu Marekani. Viwili vilirudishwa mwaka 2007, na vingine 30 kutoka Denver vikafika mwaka 2019. Aliyeviuza hakuwa na haki ya kuviuza.

Tezo si kigango. Mhunzi alifua zana ili abadilishane na watu kwa mbuzi au nafaka, na kuiuza tena leo hakumvunjii heshima. Kinachonisumbua ni jambo jingine. Mkusanyaji hulipia historia ya kitu kuliko mti au chuma chenyewe, na historia hiyo mara nyingi hutungwa na muuzaji papo hapo. Kigoda kipya hufukizwa moshi, hupakwa rangi ya viatu, hufukiwa katika udongo wenye unyevu, kisha huuzwa kama cha chifu fulani wa zamani. (Machifu ambao vigoda vyao vimeuzwa katika jiji hili wangetosha kutawala nchi tatu.) Anayeumia hapo si mnunuzi peke yake, kwani mchongaji wa Wamunyu kule Ukambani au wa Gikomba hapa Nairobi aliyekichonga mwezi uliopita amelipwa kidogo, na sifa ya mkono wake imepewa marehemu asiyekuwepo. Na kigoda kikiwa cha kale kweli, familia iliyokitoa hupotea katika maelezo kwa namna hiyo hiyo.

Ndiyo maana napendekeza kwamba chochote kinachouzwa kwa jina la kitu cha kale kiwe na karatasi inayotaja kijiji, familia iliyokitoa, kazi yake na picha yake, na nakala ifike kwa Makumbusho ya Kitaifa kabla ya mauzo ili yapate nafasi ya kwanza ya kununua. Muuzaji wa Maasai Market, soko la kazi za mikono, asihofu: kama kazi ni mpya, aseme ni mpya na amtaje fundi.

Tukumbuke pia kwamba Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, alikuwa mkusanyaji, na sehemu ya alivyonunua inatazamwa na umma katika jengo la Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue. Katazo kamili lingemzuia hata yeye. Basi ningependa mchangiaji wa kwanza atueleze: ikiwa kigoda kile cha babu ni mali ya taifa, je, ni bajeti ya idara gani itakayomlipa mwenye kukitunza hadi leo, na kwa bei iliyopangwa na nani?