Kadi imeandikwa "suti au vazi rasmi": Kaunda suti inakubalika?

Mgeni wa Tabata: Wakuu, habari za jioni. Kadi ya harusi, ukumbi Mlimani City, inasema wanaume wavae "suti au vazi rasmi". Nataka kushona Kaunda suti ya mikono mifupi. Je, inahesabika? Inatofautianaje na suti ya Chou En-lai, ile yenye jina la waziri mkuu wa zamani wa China? Na kitambaa ninunue mita ngapi? Kiuno changu ni 34, urefu wa kawaida.

Ukosi: Inahesabika, mkuu. Jina limetoka kwa Kenneth Kaunda, rais wa Zambia kuanzia 1964 hadi 1991. Koti na suruali ni vya kitambaa kimoja, ukosi umelala na kuacha shingo wazi, mifuko ni ya kubandika, koti halichomekewi wala halivaliwi tai. Chou En-lai ukosi wake umesimama na unafungwa mpaka kooni.

Urasmi wenyewe huamuliwa na mwenye shughuli. Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula alipiga marufuku Kaunda suti katika Bunge la Kenya, ingawa mitaani huko ni vazi la heshima kabisa. Kadi yako imekuachia nafasi. Ingetaka suti nyeusi na tai ya kipepeo, ningekuambia uiache nyumbani.

Fundi wa Kariakoo: Mita 3 zinatosha kwa upana wa inchi 60, mikono mirefu ongeza robo. Kata vyote kutoka jora moja, kwa sababu rangi ileile kwenye jora jingine hupishana kidogo, na taa za ukumbini zitaonyesha.

Usichukue kitambaa chepesi cha shati. Ukosi utalegea na mifuko itaning'inia hata kabla hujatia kitu. Chagua cha suti, uzito wa kati. Kikiwa cha pamba kiroweke na kukipiga pasi kabla ya kukata, la sivyo kitasinyaa baada ya kufuliwa na gamu (kitambaa cha kukazia kinachogandishwa ndani kwa pasi) ya kwenye ukosi itatoa malengelenge. Malengelenge hayo huja pia pasi ikiwa haina moto wa kutosha au ikiburuzwa badala ya kugandamizwa.

Siku ya kujaribisha inua mikono yote miwili: koti likipanda lote, kwapa limekatwa chini mno. Pindo lifunike makalio, mkono uishie juu kidogo ya kiwiko. Hapo ndipo wengi huharibikiwa, koti fupi linageuka shati.

Mgeni wa Tabata: Shukrani sana. Bitana niweke? Nahofia joto.

Fundi wa Kariakoo: Weka ya mabegani na juu ya mgongo tu, inazuia kitambaa kung'ang'ania jasho. Mwili mzima hapana. Mishono iliyobaki ndani ipitishwe ovaloki (mshono wa kuzuia nyuzi kufumuka) au ifungwe kwa utepe.

Ukosi: Ndani vaa fulana ambayo shingo yake haionekani. Viatu vya ngozi vya kufunika, na simu iwe mfuko wa suruali, si wa kifuani.