Binti yangu kakutwa na selimundu, daktari kasema "mmoja kati ya wanne", naombeni mnieleweshe

MamaBinti
Wadau habari zenu, naombeni mnisome hadi mwisho maana naandika nikiwa na mawazo mengi. Binti yangu ana mwaka na miezi minne, tangu alipofika miezi nane alikuwa anavimba vidole vya mikono na miguu, analia usiku kucha, tunaenda hospitali tunapewa dawa ya maumivu tunarudi nyumbani, mwezi uliopita ndo wakampima vizuri wakasema ni selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kwenye majibu wakaandika SS. Mimi nikapimwa nikaambiwa AS. Mume wangu kagoma kupima, anasema tangu azaliwe hajawahi kulazwa, na mama mkwe ndo kabisa, anasema ukoo wao hauna ugonjwa huo nimekuja nao mimi. Sasa daktari alisema kwa watu kama sisi ni mtoto mmoja kati ya wanne. Swali langu, kama huyo mmoja nimeshampata, ina maana watatu wanaofuata watakuwa wazima? Na ni kweli mimi peke yangu ndo nimemrithisha? Niambieni ukweli hata kama unauma.

Mwl_Chaki
Pole sana dada. Nafundisha baiolojia sekondari, na hili la "watatu waliobaki" wanafunzi wangu wanalikosa kila mwaka, acha nilieleze taratibu.

Jeni ya kutengeneza himoglobini ya damu kila mtu anayo mara mbili, moja kapewa na mama moja kapewa na baba. Nzima tunaiita A, yenye hitilafu S. Wewe ni AS, una moja ya kila aina, na hiyo A moja inakutosha ndo maana huumwi. Ukishika mimba hutoi zote mbili, unatoa moja tu, na huchagui ipi. Baba naye hivyohivyo. Sasa binti ana S mbili. Moja kapata kwako. Ya pili kaitoa wapi? Kwako haiwezi kutoka, ulitoa moja tu. Ya pili ni ya upande wa baba yake, na yeye kutolazwa hakumtoi humo, wewe mwenyewe ulilazwa lini?

La pili. Chukua sarafu mbili, zile shilingi za zamani zenye kichwa cha Nyerere upande mmoja na mwenge upande wa pili, moja iwe yako moja ya mumeo, mwenge uwe S. Ukizirusha pamoja, mienge miwili inatokea robo ya mara, hiyo ndo SS. Kichwa na mwenge ni nusu, hao AS. Vichwa viwili robo, AA. Ukizirusha tena, sarafu hazina kumbukumbu ya mara ya kwanza. Kwa hiyo ile robo ni ya KILA mimba, haiishi kwa kuwa umeshampata mmoja. Na nikwambie hesabu yenyewe, uwezekano wa watoto watatu wanaofuata wote wasiwe SS ni 27 kwa 64, yaani chini ya nusu. Samahani kama inauma ila uliomba ukweli.

Jamaa_wa_Pwani
Mi naona uachane na huyo jamaa utafute mwanaume AA, ukizaa na AA huwezi kupata SS hata kwa bahati mbaya. Ndo ukweli wenyewe.

Neema_SS
Jamaa kuhusu AA uko sahihi, watoto wangekuwa nusu AS nusu AA, lakini usimwambie mtu avunje nyumba yake mtoto akiwa kitandani anaumwa. Kwanza huyo mtoto anamhitaji baba yake sasa hivi kuliko wakati wowote.

Dada mimi ni SS, nina miaka 34, nafanya kazi, naishi. Kwetu tumezaliwa watano, mimi wa kwanza SS, anayenifuata SS, watatu wa mwisho wazima. Ukiangalia wawili wa mwanzo utasema wote watakuwa hivyo, haikuwa hivyo, ni kama alivyosema ticha. Mama yangu alisemwa ukweni miaka na miaka, na baba alikuwa AS vilevile, tulikuja kujua nikiwa kidato cha pili.

Kwa sasa shika haya: penisilini kila siku mpaka afike miaka mitano na foliki asidi usiziache, anywe maji mengi, baridi asipate, neti kila usiku. Akipata homa usisubiri kesho, ni hospitali siku hiyohiyo. Muombe daktari akufundishe kupapasa bandama, ikivimba ghafla na mtoto akapauka usingoje hata chai. Na muulizeni kuhusu dawa ya haidroksiyurea, mimi imenipunguzia sana vipindi vya maumivu, natamani ningeipata mapema.

Maabara_Mwanza
Naongezea upande wa kipimo maana hapa ndo watu wanapotea. Kile cha haraka cha kuangalia kama seli za damu zinapinda kama mundu kinasema S ipo tu, hakitofautishi AS na SS. Mumeo aombe elektroforesisi ya himoglobini, kipimo kinachotenganisha A na S. Na AS haigeuki kuwa SS ukubwani, ulivyozaliwa ndivyo ulivyo.

Halafu hiyo "ukoo wetu hauna", huku kwetu Kanda ya Ziwa karibu mtu mmoja kati ya watano ni AS na wengi hawajui. Sababu ni malaria. Daktari mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alionyesha mwaka 1954 kwamba mwenye AS anahimili malaria kali kuliko AA, kwa hiyo enzi hizo hao ndo waliovuka utoto wakazaa, S ikabaki. Ila SS hana kinga hiyo, malaria kwake ni hatari sana, ndo maana dada kakusisitizia neti.

MamaBinti
Asanteni sana, nimesoma nikalia kidogo. Jana nilimsomea mume wangu maneno ya ticha, la sarafu, akanyamaza muda mrefu halafu akasema Jumatatu anaenda kupima. Usiku akampigia mama yake, ndo mama akasema alizika watoto wawili kabla ya mume wangu kuzaliwa, walikuwa wanavimba matumbo na macho ya njano, wakaambiwa ni bandama. Hajawahi kumwambia mtu. Sijui hata niseme nini, leo asubuhi kanipigia ananiuliza mjukuu kalalaje. Ila wifi yangu wa mwisho anaolewa Desemba, yeye ni mzima kabisa, naye apime?

Mwl_Chaki
Apime, na asingoje Desemba. Kama hao wawili walikuwa SS basi baba mkwe na mama mkwe wote wana S, na mtoto wao aliyetoka mzima uwezekano wa kuwa AS ni mbili kwa tatu. Huyo mchumba wake pia aende, waende siku moja.

Maabara_Mwanza
Na waombe majibu kwa maandishi, AA au AS iandikwe kabisa, wasikubali kuambiwa tu "uko vizuri".