Simu inaganda kila saa, nihamie iPhone au nibaki Android?

Viazi_Uyole
Wakuu habari za jioni. Nipo Uyole hapa Mbeya, nauza viazi kwa jumla, biashara yote ipo kwenye simu, picha za mzigo naweka status, wateja wa Dar wananipigia video wauone mzigo kabla gari haijapakiwa, na hela zinaingia humohumo. Simu ni Android ya bei ya kawaida, GB 32, ram (memori ya kuendeshea apu) 2, nilinunua mpya na mwanzoni ilikuwa inateleza tu. Sasa hivi nikigusa WhatsApp nasubiri weee, kibodi inakuja kwa kuchelewa, juzi mteja yupo hewani mi nahangaika na kioo cheusi mpaka akakata. Shemeji anasema achana na Android chukua iPhone used hapo Mwanjelwa, eti zile hazichoki. Kuna jamaa ana iPhone X, kwa macho ni safi. Nihamie?

fundi_wa_Kabwe
Shemeji yako kakuingiza chaka mkuu, simu zote zinachoka. Kabla hujatoa hata mia ingia setingi uangalie storeji imebaki ngapi, nabeti haifiki GB 2. Memori ya ndani haifuti kitu kimoja kimoja, inafuta bloku nzima kwa mpigo, kwa hiyo ikishajaa kila ukipiga picha inabidi kwanza ihamishe vya zamani ndo ipate pa kuandika, na hizi simu za bei ya chini nyingi zina eMMC, aina ya memori ya bei nafuu, ambayo kusoma na kuandika haviendi kwa pamoja kama kwenye UFS, memori za kasi za simu kubwa, basi ndo unaona kila kitu kinasubiriana. Halafu apu nazo zimenenepa, WhatsApp ya leo siyo ile uliyoanza nayo, ram yako ni ileile 2. Ingia WhatsApp, mipangilio, hifadhi na data, utaona magrupu yanavyokula. Simu za wateja nikizifungua hapo ni vichekesho, grupu la kwaya, la ukoo, la kamati ya harusi iliyoisha zamani, video moja ya mahubiri imeforwadiwa kila grupu. Futa hizo, picha za mzigo hamishia memori kadi, zima kudaunilodi kwa otomatiki. Ikigoma bekapu kila kitu halafu reseti.

Mnyalu_Ipogolo
Kamwene wakuu. Mi natumia iPhone na siitoi, ila iPhone X kwa mtu wa biashara hapana aisee. Imekomea iOS 16 (iOS ndo mfumo unaoendesha iPhone), matoleo makubwa mapya hailetewi tena. WhatsApp bado inakubali kwa sasa, ila jua mwezi wa 5 mwaka 2025 walipandisha masharti mpaka iOS 15.1 na wenye iPhone 6 wakabaki nje. Ukitaka iPhone anzia 11, hiyo imepata mpaka iOS 26. Na hilo la hazichoki, Apple wenyewe walikiri Desemba 2017 kwamba walikuwa wanazipunguza kasi iPhone 6, 6s, SE na 7 zenye betri iliyochoka ili zisizime ghafla, Ufaransa ikawapiga faini ya yuro milioni 25 mwaka 2020, maana wateja hawakuambiwa. Ukibadili betri kasi inarudi. Kwa hiyo ukienda kuangalia ya used, kitu cha kwanza ni afya ya betri kwenye setingi, usidanganyike na kioo kung'aa.

Makete_baridi
Hilo la betri huku kwetu tunalijua vizuri sana. Mwezi wa saba asubuhi simu inasoma asilimia 30 unapiga picha moja inazima, ukiiweka mfukoni ikapata joto inawaka na chaji ipo. Betri ya lithiamu kwenye baridi haitoi umeme wa kutosha kwa mara moja, na ikiwa kuukuu ndo balaa.

mama_parachichi_Tukuyu
Jamani mbona hamumwambii kuhusu laini? iPhone nyingi zina tundu moja tu, ya pili ni eSIM, laini ya ndani isiyo na kadi, na memori kadi haziingii kabisa. Mfanyabiashara mwenye laini mbili za miamala utamtesa bure. Mwanangu chukua Android yenye ram 6 au 8 na GB 128, utaona tofauti.

Mnyalu_Ipogolo
Mama nakubali, ila aulize kwanza simu itapewa apdeti miaka mingapi. Pixel 8 ya Google na Galaxy S24 ya Samsung waliahidi miaka 7, za bei ya chini nyingi hawafiki huko hata nusu.

Viazi_Uyole
Ndaga fijo wote. Fundi umebeti vizuri, imebaki MB 600 😂 grupu la harusi peke yake GB 4. Nimefuta, WhatsApp sasa inafunguka ila video kol bado inakwama. Hiyo iPhone X nimemwambia jamaa aendelee kutafuta mteja. Fundi nikireseti zile meseji za wateja zitapotea?

fundi_wa_Kabwe
Hazipotei kama umebekapu WhatsApp kwenye Google Drive kabla, na uwe unaikumbuka pasiwedi ya hiyo imeili. Wengi wanakwama hapo. Fanya ukiwa na wifi, bando lako litaisha njiani.