Mrejesho: Kupunguza wanga bila nyama wala samaki

Wakuu, narudi na mrejesho wa lile swali: asiyekula nyama wala samaki anaweza kupunguza wanga ili apungue uzito? Anaweza, hasa kama mayai na maziwa anatumia. Asanteni mliojibu.

Kilichokuwa kinaharibu hesabu ni maharage. Tunayaita protini, lakini gramu 100 za maharage yaliyopikwa zina protini kama gramu 9 na wanga zaidi ya 20. Ukiyamwaga juu ya wali, ni wanga juu ya wanga. Soya iliyochemshwa ni habari nyingine: protini kama 17, wanga kama 8 hadi 10, na sehemu kubwa ya huo wanga ni nyuzinyuzi. Iloweke usiku kucha, mwaga maji, ichemshe mpaka ibonyee kirahisi kwa vidole.

Sahani ya mchana: mayai 3 (protini kama gramu 18), mchicha wa kutosha, nusu parachichi. Ugali, kama lazima, usizidi nusu ngumi.

Uzito ukigoma kushuka, kagua karanga kwanza. Gramu 30, yaani konzi moja tu, ni kalori kama 170, na mtu humaliza konzi nne huku anapiga soga. Tui zito nalo lina mafuta mengi.

Asiyegusa hata mayai na maziwa atafute vidonge vya vitamini B12, maana hiyo hupatikana hasa kwenye vyakula vya wanyama. Mwenye kisukari anayechoma insulini aonane na daktari kabla ya kupunguza wanga. Dozi ileile inaweza kushusha sukari kupita kiasi.